Maneno Sita ya Jumatatu

Waliokuwapo kikaoni, Jumanne alasiri, kwenye njia ya kijiji mbele ya nyumba ya manjhi, ni hawa.

Dasmat Kisku, manjhi, yaani mkuu wa kijiji chetu cha Kendbona. Maku Soren, mke wa Ruplal Marandi. Barka Marandi, mdogo wake Ruplal, mwenye shoka. Jhano Tudu, mpishi wa shule. Salge Hansda, mwalimu, ambaye ndiye mimi. Nililetwa juu ya kitanda cha kamba kwa sababu nilikuwa siwezi kusimama. Wanaume wa kaya ishirini na mbili. Lallan Rai, msimamizi wa machimbo ya mawe, akiwa amefungwa kwenye gurudumu la gari la ng'ombe. Ruplal Marandi mwenyewe, akiwa amefunikwa shuka chini ya upenu. Nyuma ya ukuta wa manjhi walikuwapo watoto thelathini ambao hawakualikwa. Wa thelathini na moja, Churki, alikuwa amepelekwa hospitali kwa pikipiki.

Ili ieleweke tulifikaje hapo, sina budi kuanzia Jumatatu asubuhi, darasani.

Watoto wangu huja shuleni na Kisantali, lugha yetu ya nyumbani, peke yake, na vitabu walivyoandikiwa ni vya Kihindi. Chuoni tulifundishwa kwamba mtoto hapati neno kwa kukaririshwa orodha. Hulipata pale mtu anapolisema huku jambo lenyewe likitendeka mbele ya macho yake, na asipolikuta tena mara kadhaa, hulipoteza. Kwa hiyo niliweka utaratibu. Kila Jumatatu kila mtoto huleta neno la Kihindi alilolidaka mwenyewe, sokoni, barabarani kwa madereva wa malori, au redioni. Huninong'oneza sikioni, ili asichekwe. Nami huliandika katika Kitabu cha Maneno pamoja na namba yake ya rejesta, kisha naliandika ubaoni, na darasa zima hulitamka na kuliigiza kwa mwili, maana neno lililopita kwenye mikono na miguu halisahauliki upesi. Safu ya mwisho ya kitabu, ile ya chanzo, huijaza Jumanne, nikimwita mtoto mmoja mmoja mezani: nani alilisema, wapi, alikuwa akifanya nini. Neno kwanza, chanzo kesho yake. Mtoto ukimhoji papo hapo, hujifunga.

Utaratibu huo niliubuni mwenyewe, na nilijivunia.

Namba kumi na saba alikuwa Pano Besra, mwenye miaka minane, anayelelewa na bibi yake. Tangu shule ilipofunguliwa mwezi wa sita hakuwa ameninong'oneza hata neno moja. Hata wakati wa kuita rejesta, ambayo huiita kwa namba za Kihindi ili watoto wazizoee, Pano hakuitika. Aliyemwitikia ni mwenzake wa benchi moja, Churki. Nikiita "Kumi na saba!" Churki hujibu "Yupo!" na hakuna aliyeshangaa tena. Sikumlazimisha Pano. Wako watoto wanaoweka maneno ndani kama panya anavyoweka mpunga shimoni, na siku wakitaka, huyatoa yote kwa pamoja.

Jumatatu hiyo aliyatoa. Aliinama sikioni mwangu, nywele zake zikinukia maua ya mahua aliyotoka kuokota, akaninong'oneza maneno sita mfululizo bila kupumua. Alikuwa ameshika hata sauti ya mwenye maneno, nzito na ya haraka, kama amri. Hapa nayaandika kwa maana zake: shikeni miguu, piga, tena, bado anapumua, funikeni, mawe.

Nilidhani nguruwe.

Msomaji wa kwetu hatanishangaa. Nguruwe hushikwa miguu, hupigwa kisogo cha shoka utosini, tena na tena mpaka aache kupumua, hufunikwa majani makavu na kuchomwa manyoya, na mafiga ni mawe matatu. Madereva wa malori hununua nguruwe kwetu kila wiki na kumchinja kando ya barabara. Miezi tisa nilikuwa nimengoja mtoto huyu afungue kinywa, na furaha ikanifunga macho. Niliandika kitabuni: "17. Maneno sita. Vizuri sana." Kisha nikayapanga ubaoni kwa utaratibu wake, moja hadi sita.

"Nani atakuwa nguruwe?" niliuliza.

"Mimi, Mwalimu! Mimi!" Sakla alikuwa amekwisha lala sakafuni.

"Wiki iliyopita ulikuwa ng'ombe wewe," alidakia mwenzake. " Leo zamu yangu."

"Muache tu, Mwalimu," alisema Churki. "Huyo ni nguruwe kila siku, hana haja ya kuigiza."

Darasa likacheka. Wakamshika Sakla miguu, wakapiga hewa kwa mikono mitupu, wakapaza sauti "Tena!", wakaweka sikio kifuani pake wakasema "Bado anapumua!", wakamfunika mikoba yao. Kufikia mara ya tatu nikisema neno la kwanza tu, wao wenyewe walitiririka hadi la sita. Pano hakuigiza. Alisimama akishika mwimo wa mlango, na mimi nikajiambia kwamba amechoka kwa kazi aliyoifanya.

Watoto wa kwetu hurudi nyumbani kwa barabara ya malori, inayopita mbele ya lango la machimbo. Jhano, ambaye hutembea nao, ndiye aliyenisimulia asubuhi yake. Penye mizani ya malori walisimama kucheza mchezo wao mpya. Sakla alijitupa vumbini, wengine wakamshika. Lallan Rai alikuwa ameketi kitini na glasi ya chai. Kwanza alicheka. Walipofika neno la nne aliweka glasi chini.

"Hebu rudieni," aliwaambia. Wakarudia, maana watoto hupenda kutazamwa. Akawapa peremende.

"Nani kawafundisha?"

"Mwalimu!"

"Na mwalimu kafundishwa na nani?"

"Na mmoja wetu."

"Yupi?"

"Hatujui. Hunong'onezwa."

Jhano alinieleza hayo akichochea moto chini ya sufuria ya wali wa dengu. "Nikamwona anawatazama mmoja mmoja usoni," alisema. "Kama mtu anayechagua kuku sokoni. Sikupenda."

Nami nilimjibu kwamba Bwana Rai pengine amevutiwa na elimu. Nilijibu hivyo kweli.

Saa nne nilianza safu ya chanzo. Watoto walikuwa wakiandika kwenye vibao vyao, nami nilimwita Pano mezani wa kwanza, kwa sababu ya maneno yake mengi. Nilimsemesha Kisantali, taratibu.

"Haya maneno umeyapata wapi, mama?"

"Kwenye shimo la zamani la mawe."

"Ulikuwa unafanya nini huko?"

"Naokota mahua. Jua lilikuwa halijatoka."

"Nani alikuwa anayasema?"

"Mwenye saa ya dhahabu. Wenzake wawili hawakusema kitu. Wao walikuwa wanafanya."

"Na nguruwe alikuwa wa nani?"

Alinitazama kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa asiyejua ugonjwa wake.

"Baba Mkubwa Ruplal," alisema.

Ruplal Marandi alikuwa hajaonekana siku tisa. Alikuwa amekataa kutia dole gumba kwenye karatasi ya kuwauzia machimbo shamba lake, ili mlima wake nao ulipuliwe, na siku ya pili akatoweka. Machimboni walisema amepanda basi la Bengali kwenda kuvuna viazi. Kisimani wanawake walimtania Maku kwamba viazi vya Bengali vina nywele ndefu na bangili, na Maku aliwarudishia matusi huku akichota maji, kwa kuwa alikuwa na hasira na mumewe kuondoka bila kuaga.

Mkono wangu ulikuwa umekwisha kuandika. Shimo la zamani. Alfajiri. Akiokota mahua. Aliyesema: mwenye saa ya dhahabu. Aliyefanyiwa: Ruplal. Nilizoea kuandika mtoto anavyosema, na kalamu ilifika mwisho wa mstari kabla akili yangu haijafika mwanzo.

"Kakae," nilimwambia Pano. "Usimwambie mtu."

"Sijamwambia mtu," alisema. "Nimekuambia wewe."

Hakuwa amefika kwenye benchi lake nilipoona lango linasukumwa. Lallan Rai aliingia uani na watu wawili nyuma yake. Alishika mpini wa sururu kama fimbo ya kutembelea, na mkononi mwake saa iling'aa.

"Mwalimu!" aliita kwa uchangamfu. "Nasikia Kihindi cha watoto wako kinashinda changu."

"Karibu, Bwana Rai. Tuko kwenye kipindi."

"Na mimi nimekuja kusoma."

Alikichukua kitabu mezani kabla sijakifunika. Alisoma akisogeza midomo. Niliitazama ile midomo ikifika safu ya mwisho, ikasimama, ikarudi mwanzo wa mstari. Kisha akaung'oa ukurasa, akaukunja mara nne, akautia mfuko wa shati.

"Kumi na saba ni nani?"

"Rejesta haioneshwi mgeni."

Mpini ulinipata kwenye mtulinga. Nilisikia mfupa ukikatika kabla ya kusikia maumivu. Niliinama juu ya meza, na watoto wakapiga yowe moja kisha wakanyamaza kabisa. Yeye hakunipiga tena. Alitafakari kidogo, akasimama mlangoni penye nafasi yangu, akakaza sauti kama ninavyoikaza mimi kila asubuhi.

"Kumi na saba!"

"Yupo!" alijibu Churki.

Lilimtoka kwa mazoea. Nililiona likimtoka, na nikaona uso wake ukielewa. Alikuwa na nafasi ya kusema si mimi, ni huyu hapa kando yangu. Kidole kimoja kingetosha. Alikunja vidole vyote vya mikono miwili akaviweka mapajani.

Lallan alimshika msuko akamburura hadi barazani. "Asubuhi ile ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, nakula wali wa maji."

"Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Na chumvi. Na pilipili moja."

"Una ulimi, wewe." Aliulaza mkono wa Churki kwenye ukingo wa baraza, sehemu ya chini ikining'inia, akaupiga mara moja kwa mpini. Sauti yake sitaiandika. Watoto ishirini na tisa na Pano walijua kuwa amekosea mtu. Hawa ni watoto ambao nikikosea tarehe ubaoni husimama wote kunisahihisha, wakigombania nani aseme kwanza. Hakuna aliyemsahihisha.

Alipoinua mpini mara ya pili nilimfikia. Nilimuuma mkono chini ya saa mpaka meno yangu yakakutana na mshipa. Alinipiga goti la tumbo, nikaanguka chali uani, na mvua ya mateke ikafuata. Kisha, kwa sauti ileile nzito na ya haraka ambayo Pano aliileta sikioni mwangu, aliwaambia watu wake:

"Shikeni miguu."

Wakanishika vifundoni, mmoja kila upande.

Na kutoka barazani, walikojazana watoto, sauti nyembamba, nadhani ya namba nne, ambaye ana miaka sita, ikajibu: "Piga."

Sitadai kwamba ulikuwa ushujaa. Nilikuwa nimewafundisha kwamba nikisema la kwanza, wao wanaendelea, na sasa la kwanza lilikuwa limesemwa. Lallan aligeuka, "Nyamaza!", akanipiga paja. "Tena," wakasema watano au sita, wakilia. Akapiga tena. "Bado anapumua," wakasema wote, Sakla akiwa mbele amejikojolea. "Funikeni. Mawe." Walipomaliza walirudi mwanzo, na safari hii hakuna hata mmoja aliyeuliza maneno yale maana yake nini. Yalikuwa yakitendeka mbele yao.

Mtu aliyeshika mguu wangu wa kushoto aliuachia. Aliwatazama watoto, mdomo wazi, kama vile amesomewa barua aliyoiandika mwenyewe. Akatapika penye mche wa tulsi, yaani mrehani, akakimbia. Yule wa pili akamfuata bila kuambiwa. Lallan alibaki peke yake, na akawa anapiga bila mpango tena, mbavu, nyonga, mkono nilioinua. Nilihesabu mapigo kumi na moja. La kumi na mbili halikuja, kwa sababu Jhano alikuwa amefika nyuma yake na sufuria ya wali wa dengu wa watoto thelathini na mmoja, uliokuwa ukitokota.

"Na hii kwa Kihindi chenu mnaiitaje, mwana haramu?"

Alimmwagia kichwani na kifuani. Lallan alipiga ukelele ambao ulisikika mashambani. Alipojaribu kuinuka, Jhano alimtandika upawa wa chuma usoni, mara mbili, kwa utulivu wa mtu anayeponda vitunguu. Ndivyo wanaume walivyomkuta walipofika na shoka zao. Wasingalikuta pumzi ndani yake kama manjhi asingalikuwa miongoni mwao. Hata hivyo, walimvunja pua na vidole kabla ya kumfunga.

Nililala pale pale nikawaeleza kuhusu shimo la zamani. Sikueleza nimejuaje.

Walikwenda kumi na wanne. Iliwachukua muda hadi adhuhuri kuondoa mawe, kwa kuwa ilikuwa shehena ya lori zima. Miguu ilikuwa imefungwa waya. Uso haukutambulika, utosi ulikuwa umebonyea kama kibuyu kilichokanyagwa. Barka aliusugua mkono wa kushoto kwa mate, ikatoka alama ya kuchomwa, ya pili, mpaka tano. Wavulana wetu huchomwa alama hizo wakiwa wadogo, na Barka alichomwa siku moja na kaka yake. Wanasema hakulia. Alichukua jiwe lenye damu akalibeba kifuani kama mtoto hadi kijijini.

Sasa narudi kikaoni.

Manjhi alifungua kwa kumwagia maji ardhini kwa ajili ya marehemu. Barka hakungoja maji yakauke.

"Hakuna cha kuzungumza, Baba Manjhi. Shimo lipo. Mawe yapo. Huyu hapa."

"Na kesho wakija na malori matatu ya polisi?" aliuliza manjhi. "Gari la machimbo linalala kituoni kwao kama ng'ombe zizini kwake, wewe unalijua hilo. Watachoma kaya ngapi?"

"Wachome. Nyasi zipo za kuezeka upya."

"Na wanao wataezekwa na nini?"

Baadhi ya wanaume walinung'unika. Manjhi alisema kuwa Lallan atolewe akiwa hai, apelekwe moja kwa moja mjini wilayani, kwa hakimu, bila kupitia kituo. Barka akacheka bila furaha.

"Tumpeleke na nini? Atasema Ruplal aliangukiwa na mawe. Atasema yeye alikuwa anakunywa chai. Ule ukurasa wa Mwalimu, ambao watoto wanasema aliung'oa, uko wapi?"

Jhano aliutoa. Alikuwa ameuchomoa mfukoni mwa Lallan, umeloa dengu. Wino ulikuwa umeyeyuka ukawa doa la buluu. Kilichosomeka ni namba tu, pembeni: 17.

"Basi," alisema Barka, akinigeukia. "Tupe namba kumi na saba. Aende wilayani akaseme alichokiona."

"Sitampa mtu," nilisema. Kila neno lilinichoma mbavu.

"Dada, kaka yangu amelala pale."

"Namwona."

"Nikienda nyuma ya ukuta ule nikauliza, nitaambiwa."

"Utaambiwa. Na huyu aliyefungwa ataambiwa vilevile, na wenzake walioko nje. Kwenda mjini ni siku moja, Barka. Kesi ni miaka. Mtoto huyo ataokota mahua alfajiri ngapi hapo katikati, peke yake?"

Lallan alikuwa anasikia. Alitema damu, akacheka kwa mdomo uliovimba, na akasema kwa Kisantali chake kibovu cha kuwagombeza vibarua. "Kumi na saba yenu nimeshamvunja mkono. Nikitoka, namalizia shingo. Mleteni huyo kwa hakimu, tuone kama atataja hata jina lake."

Hapo kila mtu alielewa kwamba bado anadhani ni Churki. Nilitazama nyuso za wanaume wa kaya ishirini na mbili, ambao hawaketi dakika mbili bila kubishana. Walinyamaza kama watoto wao walivyonyamaza.

Lakini kicheko kile Barka hakukivumilia. Alikata kamba kwa shoka, akamvuta Lallan mpaka katikati ya njia, akageuza shoka kisogo mbele.

"Shikeni miguu!" alisema, kwa Kisantali.

Watu wanne waliruka wakamshika. Lallan alianza kulia, akiita mama yake. Maku alikuwa ameketi kando ya maiti, mkono juu ya shuka. Mtu mmoja nyuma alipaza sauti: "Piga!"

Na nyuma ya ukuta, polepole, mtoto mmoja akasema, "Piga."

Kisha mwingine, chini kwa chini, "Tena."

Walisema kwa Kisantali. Nilikitambua kile kituo kidogo kabla ya neno. Miaka kumi na moja nimekaa nikikisikiliza. Ndivyo mtoto anavyolipima neno kabla ya kulifanya lake. Maneno yenyewe waliyajua tangu wakinyonya. Walichokuwa hawajakipata ni kuyasikia yakipangwa hivi, kwa lugha ya mama zao, na kwa vinywa vya baba zao. Nilitaka kusema hayo, na sikuweza, kwa sababu pumzi ilikuwa imeniishia.

Maku alisimama. Alitembea hadi kwa Barka akashika mpini wa shoka, juu kidogo ya mikono yake.

"Umesikia, shemeji?"

"Nimesikia nini? Ondoka, damu itakurukia."

"Hao, nyuma ya ukuta."

"Ni watoto tu."

"Wanasema unachosema." Hakuachia mpini. Alinigeukia. "Mwalimu. Huyo kumi na saba ana umri gani?"

"Watoto wangu wana kati ya miaka sita na kumi, dada."

"Aliona mwanzo hadi mwisho?"

"Mwanzo hadi mwisho."

"Mume wangu alisema neno?"

Hilo sikuwa nimemuuliza Pano. Katika safu yangu ya chanzo hapakuwa na nafasi yake. "Sijui," nilimjibu.

Aliitikia kwa kichwa. "Na wewe ukienda kwa hakimu, una nini mkononi?"

"Leo," nilisema. "Ya shimoni sina. Lakini la leo, shikeni miguu, walilisikia wote thelathini na mmoja, naye alilisema kwa kinywa chake, na watu wake wakanishika. Naweza kuandika ukurasa mwingine wa kweli, chanzo kikiwa Lallan Rai, Jumanne, uani mwa shule, na namba zote chini yake. Kila mzazi anayekubali aje na wake. Hakimu akiwasikiliza, kumi na saba atakuwa mmoja kati yao. Na mwili wangu atauona. Na wa Ruplal atauona."

"Itatosha?"

"Siwezi kukuahidi."

"Haitatosha!" alisema Barka. "Atatoka kwa dhamana, atakuja kukucheka kisimani!"

"Pengine," alisema Maku.

Lallan alikuwa akikoroma damu kati ya miguu yao. Mikono minne ilikuwa juu ya mpini mmoja. Sijui ni nani aliyelegeza kwanza. Niliona tu shoka likishuka taratibu hadi kichwa chake kikagusa vumbi, na Maku akalichukua, akaenda kulilaza kando ya shuka ya mumewe. Kisha alirudi katikati ya njia, akatengeneza ncha ya sari kichwani, na akazungumza kwa sauti iliyovuka ukuta.

"Mwenye damu hii ni mimi, kwa hiyo nasema mimi. Huyu anakwenda wilayani kesho, akiwa hai, kwa miguu yake. Barka utatembea mbele yake, si nyuma. Maiti itakwenda kwa gari la ng'ombe, na Mwalimu kando yake kwenye kitanda chake. Kila mwenye mtoto shuleni atakuja na mtoto wake, akiwa amenawa uso na kula. Na hapa kijijini hakuna kumi na saba. Anayetaka kuuliza habari zake, aje mlangoni kwangu aniulize mimi."